Mguu wa Mama na Zalio la Watu

Kifungo cha shati kilimwingia mama ndani ya kiatu siku ya harusi ya jirani yetu, akatembea nacho tangu asubuhi mpaka alasiri bila ya kujua. Sukari ilikuwa imeshamtia ganzi nyayoni. Aliporudi nyumbani na kuvua viatu, mimi ndiye niliyeiona damu kwenye soksi. Yeye alikuwa amekazana kunisimulia biriani, kwamba wali ulikuwa mbichi na nyama ya kutafuta kwa tochi.

"Mama, mguu unatoka damu."

"Wacha, ntatia maji ya chumvi. Hebu sikiliza kwanza, na huyo bwana harusi mwenyewe..."

Akatia maji ya chumvi. Kisha, bila ya kuniambia, akatia asali. Kisha akatia majani aliyopewa na mke wa muuza samaki, ambaye hajapata kuugua sukari wala kumwuguza mwenye sukari. Nilipofanikiwa kuuona tena ule mguu, pana tundu chini ya kidole cha pili, na ukingo wake umekuwa mweupe kama ngozi ya kuku iliyolowekwa.

Sisi tunakaa Mkunazini, ghorofa ya pili, na ngazi zetu ni zile za mbao zilizosimama wima kama ukuta. Kumteremsha mama mwenye mguu mbovu ni kazi ya kukutoa roho. Anashuka kwa kukaa, ngazi moja baada ya nyingine, huku akimtukana fundi aliyezijenga, fundi ambaye alikufa kabla hata yeye mama hajazaliwa. Mimi natangulia kwa chini nikiwa nimenyoosha mikono kama mdaka embe. Tulipofika mlangoni nilikuwa nimelowa jasho, na safari yenyewe haijaanza.

Daktari tuliyemwendea ana kliniki yake Kiembe Samaki. Ni mtu mpole, mwenye mikono safi, anayezungumza kama anayesoma. Aliukagua mguu, akaubonyeza hapa na pale, akamwuliza mama kama anasikia. Mama kila mara akasema anasikia, hata pale daktari alipokuwa hajamgusa.

"Kidonda hiki ni kigumu kupona," daktari aliniambia. "Damu haifiki vizuri huku chini. Tutakisafisha, tutashusha sukari, na asiukanyagie mguu. Lakini pia nina kitu kizuri kimeingia hivi karibuni. Ni utando mwembamba, unabandikwa juu ya kidonda, nyama inaota haraka."

Nilishukuru. Nilikuwa tayari kwa lolote litakaloniondolea zile ngazi. Nesi akaleta pakiti, akaipasua, akatoa kitu chepesi chenye kuonyesha upande wa pili kama ganda la ndani la kitunguu. Mama alikuwa amelala chali, macho darini, akauliza tu kwa mazungumzo, kama anayeuliza kanga imenunuliwa duka gani.

"Kimetengenezwa kwa nini hicho, mwanangu?"

"Kwa kondo la nyuma, bibi," nesi akajibu kwa uchangamfu. "La wanawake wa nchi za nje huko. Limesafishwa kabisa."

Mama aliuvuta mguu kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo. Sinia la vyombo likaanguka, mikasi ikatawanyika sakafuni.

"Zalio?" akasema. "Zalio la mtu unataka kunibandika mie? La nani?"

Daktari akamweleza kwa upole. Mama mmoja huko kazaa, mtoto mzima, mama mzima, na kile kilichobaki kimechukuliwa na kampuni, kikakaushwa, kikakatwa vipande. Hakuna aliyedhurika. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akakaa kitako, akaanza kutafuta kiatu chake.

"Na mwenyewe aliulizwa?"

"Bila shaka, bibi."

"Wewe ulikuwepo?"

Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama pakiti iliyokwisha kupasuliwa, ambayo bila ya shaka ilikuwa imeshaingia katika hesabu yetu.

Lazima nieleze jambo hapa. Mama alizaa watoto wanne, na mazalio yote manne yamezikwa uani kwa bibi, Donge. Yalioshwa, yakatiwa chumvi, yakafungwa kwa kitambaa cheupe, yakafukiwa. Watoto wawili hawakuishi. Nilipokuwa mdogo nilimwona mama, kila tukienda Donge, anakwenda kusimama kidogo pale uani kabla ya kuingia ndani kuamkia wazee. Sikuwahi kumwuliza anafanya nini. Kwa hivyo pale kliniki nilijua kwamba hili halikuwa la kubembeleza kwa maneno mawili. Lakini kujua hakukunipunguzia hasira. Mguu unaoza, daktari anasubiri, na bimkubwa anataka habari za mwanamke asiyemjua aliyezaa nchi asiyoijua.

"Nipatie jibu," aliniambia tulipofika nyumbani, baada ya kupandishwa ngazi kwa kusukumwa kwa nyuma. "Nikijua aliulizwa, nitafikiri. Sikusema nitakubali. Nitafikiri."

Nikampigia kaka yangu. Yeye anafanya kazi hotelini Kendwa, na ni bingwa wa kutuma sauti za simu zisizokwisha. Alinitumia moja ndefu, na nyuma yake nikasikia muziki na wazungu wanacheka. Ati mama asibembelezwe. Ati yeye kule anaona watu wanajipaka usoni mambo makubwa kuliko hayo. Ati mimi ni mlegevu, ningemshika mguu na daktari akabandika. Nikamjibu kwa sauti fupi: "Njoo umshike wewe." Hakuja.

Mimi nina kiduka cha kutoa kopi na kuchapisha karatasi pale Vuga. Wateja wangu ni watu wa mahakamani, watu wenye haraka na hasira. Nilifunga duka mchana kweupe, nikaenda kwa wakala anayeingiza zile pakiti. Ofisi yake ilikuwa na baridi ya kutisha na kijana mmoja mwenye tai. Alinikaribisha vizuri, akaniletea maji, akaniita mama kila baada ya neno la tatu.

"Huko kwao, mama, vitu hivi vinatupwa. Ni taka tu, mama."

"Kama ni taka, mbona mnaviuza?"

"Hatuuzi kitu chenyewe. Tunauza utaalamu."

"Haya. Na hao wanawake, waliulizwa?"

"Kuna utaratibu, mama."

"Utaratibu gani?"

"Wa kimataifa."

Naapa, nilitamani nimvue tai nimpigie nayo. Nikamwambia sitaondoka. Nikatoa kitambaa nikajifunga mabega, maana kile kibaridi chake kilikuwa kimeshaingia kwenye mifupa, nikakaa kama aliyekuja kukaa eda. Mwishowe akaona bora apige simu kwa wakubwa wake huko ng'ambo. Akapokea mwanamke mwenye sauti tamu. Nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha dukani. Akasema ndiyo, kila mama huulizwa kabla hajapasuliwa kutolewa mtoto, na hutia saini. Hutoa bure, haruhusiwi kulipwa, kwani kulipa kungekuwa ni kununua kiungo cha mtu.

"Na anaambiwa kwamba nyinyi mtakiuza?"

"Anaambiwa kwamba kitasaidia wagonjwa."

"Nimeelewa. Anaambiwa kwamba kitauzwa?"

"Anaambiwa kwamba kitasaidia wagonjwa wengi."

Nilimwuliza tena kwa njia nyingine, akanijibu vile vile kwa sauti ile ile tamu. Kijana wa tai alikuwa anatabasamu kana kwamba kila kitu kimekwisha. Nikamshukuru, kwa sababu nimelelewa, nikatoka nje kwenye jua.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameweka mguu juu ya mto, anachambua mchele kwenye ungo.

"Basi kaulizwa nusu," akasema.

"Mama, nusu ni bora kuliko hakuna."

"Yeye katoa bure. Mie nanunua kwa bei ya kumtoa mtu machozi. Hapo katikati kakaa nani?"

"Kakaa aliyekausha, aliyepakia, aliyesafirisha. Watu wanakula, mama."

"Nshajua wanakula. Nauliza yeye alijua kama wanakula?"

Nikaenda kwa sheikh wa mtaani, mtu ambaye mama humsikiliza, nikidhani huko ndiko utakakofungwa mlango wa mabishano haya. Aliniuliza maswali mengi ya maana: kama ipo dawa nyingine, kama mguu uko hatarini, kama aliyetolewa kitu hicho alidhurika. Kisha akasema kwamba kwa dharura ya mgonjwa yeye haoni ubaya wa kujitibu. Ama biashara ya viungo vya watu, binadamu ana heshima yake wala si bidhaa, na huyo aliyekaa katikati atajibu mwenyewe kwa Mola wake. Alikuja mpaka nyumbani, akapanda zile ngazi akihema, akamweleza mama kwa maneno mazuri zaidi ya haya yangu.

"Shukran, sheikh," mama akamwambia. "Lakini mie sikuuliza kama ni halali."

Sheikh akanywa kahawa yake, akaaga. Nilimsindikiza mpaka chini nikiwa nimeona haya, na yeye akacheka kidogo, akasema, "Mama yako hatafuti ruhusa." Sikuona la kuchekesha.

Wakati wote huo tulikuwa tunakwenda kliniki, kidonda kinasafishwa na kufungwa kwa bendeji za kawaida. Daktari hakumlazimisha. Lakini kile kidole cha pili kilianza kubadilika rangi. Kikawa cha zambarau, kisha cheusi, kimekauka kama karafuu. Daktari akasema hakuna tena cha kujadili, kidole hicho hakiko, tukikiacha kitavuta vyenziwe. Hata kama ule utando ungebandikwa tangu mwanzo, akasema, yeye hawezi kuapa kwamba kidole kingepona. Namshukuru kwa neno lile. Angeweza kunyamaza, nami ningeishi nikimtupia mama lawama kila siku.

Kaka alikuja siku ya kukatwa. Aliingia hospitali amevaa sare yake ya hoteli, akakaa karibu yangu kwenye benchi, akaizima simu yake. Mama alipotolewa, macho bado mazito, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kiko wapi?"

"Nini, mama?"

"Kidole changu."

Nikaenda kuuliza. Mtu wa kwanza akanipeleka kwa wa pili. Wa pili akasema vitu hivyo huchomwa moto pamoja na takataka nyingine za upasuaji, lakini akanitazama usoni, akaona hali yangu, akasema ngoja. Akarudi na kidole kimefungwa ndani ya kitambaa na mfuko juu yake. "Watu wengi huomba," akasema. "Msiwe na wasiwasi." Nikautia ule mfuko ndani ya mkoba wangu, baina ya simu na funguo za duka, nikatembea nao ukumbi mzima nikihisi kila mtu anajua.

Tulikizika Donge, mimi na kaka, pembeni mwa uwa wa bibi. Kaka alichimba kwa jembe la kuazima akilalamika kwamba ardhi ngumu. Mjomba wa pale alitoka akauliza tunazika nini, na nilipomwambia, akauliza kwa makini kabisa kama itasomwa hitima. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikalia, na kaka akaendelea kufukia peke yake bila ya kunitazama, jambo ambalo nalo nalikumbuka kwa wema.

Kidonda kilichobaki pale palipotolewa kidole kilikuwa kikubwa kuliko cha mwanzo. Daktari, safari hii kwa woga, akautaja tena ule utando. Nilifumba macho nikisubiri sinia lianguke.

"Bandika," mama akasema.

Nikamtazama. "Unasemaje?"

"Kwani hukusikia? Nimesema abandike."

Ndani ya gari, tukirudi mjini, sikuweza kujizuia. Nilimwambia amenitembeza kwa wakala, kwa sheikh, kwa watu wa ng'ambo. Nimefunga duka, nimegombana na kaka. Kidole kimekatwa, na sasa anasema bandika, kama aliyeulizwa kama anataka chai.

"Sasa hasira za nini?" akasema. "Kwanza sikumjua. Sasa najua kwamba yupo, kwamba alitoa kwa moyo wake, na kwamba hao wengine walimficha jambo. Yeye hana kosa. Nimemwombea dua, yeye na mwanawe. Nikimkataa yeye kwa ajili yao, nitakuwa nimemwonea."

"Ungeliweza kusema hivyo mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita sikuwa nimefikiri. Nilikwambia nitafikiri."

Wapo watu wanaosema wazee wana hekima. Mimi ninachojua ni kwamba wana muda. Hata hivyo nyama iliota. Kila tulipokwenda, kidonda kilikuwa kimepungua, chekundu kizuri, kisafi, mpaka siku daktari aliposema bendeji basi, sasa ni viatu vipana na kuangalia ndani yake kabla ya kuvaa. Nesi, yule yule wa kwanza, alikuwa akiupiga picha mguu kwa simu kila safari. Alisema ni kwa ajili ya kufuatilia. Tuliona ni jambo la kawaida.

Baada ya hapo tulirudi kliniki mara moja tu, kwa kupimwa sukari. Ukutani, pale wanapokaa wagonjwa kusubiri, palikuwa na bango jipya. Mimi kazi yangu ni karatasi, kwa hivyo nililitazama kwanza kwa jicho la kazi: rangi zimezidi, herufi zimebanana, kazi ya haraka. Halafu nikaona kilichochapishwa. Ulikuwa mguu, upande mmoja na kidonda kibichi, upande wa pili umepona, na chini yake jina la ule utando kwa maandishi makubwa. Mguu hauna kidole cha pili. Kwenye kifundo pana kovu la mafuta ya moto, alilolipata mama mimi nikiwa darasa la pili, akikaanga kachori.

Nikageuka. Nesi alikuwa mezani kwake.

"Huu mguu wa nani?"

Akatazama bango, akanitazama mimi. "Picha tuliwapa wakala, dada. Hakuna jina wala sura. Ni mguu tu."

"Ni mguu tu?" Wagonjwa wote wakageuka. "Mguu tu? Na hivi wanapokuja watu wa Mkunazini wakaona lile kovu, watasema ni mguu tu? Mlimwuliza nani?"

Daktari akatoka chumbani kwake aliposikia kelele. Kwa haki yake niseme, na yeye alikuwa hajui. Uso wake ulibadilika. Akapiga simu kwa wakala palepale, na nikamsikia yule kijana wa tai upande wa pili akisema ni kwa faida ya wagonjwa wengine, na kwamba wako tayari kumpa bibi zawadi, doti ya kanga na shukrani za kampuni. Nikamwambia daktari anipe simu. Niliyomwambia yule kijana sitayaandika, kwa sababu watoto wa kaka wanajua kusoma.

Kisha nikalibandua bango kwa mikono yangu. Lilikuwa limegandishwa vizuri, tofauti na lilivyochapishwa, likatoka vipande vipande. Daktari akanisaidia na ncha za juu ambazo sikuzifikia, akiomba radhi kila aking'oa kipande. Akaahidi kwamba picha zitafutwa na kwamba yaliyobandikwa kwengine yatatolewa. Sijui kama yote yalitolewa. Nimepita zahanati kadhaa tangu siku hiyo, na kila nikiingia natazama kuta kwanza kabla ya kusalimu watu.

Mama muda wote alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mkoba mapajani. Nilidhani amekasirika kuliko mimi. Nilimwinua, nikamshika mkono, tukatoka nje kwenye kivuli kungojea gari.

"Umelichana lote?" akaniuliza.

"Lote."

Akavuta mtandio wake mabegani.

"Hata hukuniachia nikauona," akasema. "Mie huo unyayo wangu sijauona miaka. Siwezi kuinama."

 Gari ikafika, nikamfungulia mlango, na yeye akaanza kuingia pole pole, mguu mzima kwanza, akimwambia dereva asiende mbio kwa sababu anaye mtoto mwenye hasira.